Mzigo wa Upepo ni Mzigo wa Nani?

Gatini Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, kivuko kikishafunga kamba, mtazame mchukuzi aliyekumbatia bati ubavuni. Akitoka tu kwenye kinga ya chombo, upepo wa ziwani unalipiga bati na kumyumbisha. Anajizungusha, ukingo mwembamba unaelekea ziwani, anaendelea na safari. Uzito wa bati haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni eneo aliloukabili nalo upepo.

Wanaojenga minara ya simu hupiga hesabu ya jambo hilohilo kila wanapofunga antena, na kwa Kiswahili utasikia likiitwa "mzigo wa upepo". Ni tafsiri ya neno kwa neno ya "wind load" ya Kiingereza, nami siikubali. Tatizo limo katika "wa". Mzigo wa punda ni ule alioubeba punda. Basi mzigo wa upepo utakuwa ni vile vitu ambavyo upepo umevibeba: vumbi, majani makavu, paa la darasa. Na kweli Kiswahili husema hivyo: paa limebebwa na upepo. Istilahi hiyo inamfanya mbebaji kuwa upepo, wakati anayestahimili kishindo ni mnara.

Tena mzigo hupimwa kwa kilo. Ukerewe neno hilo lina uchungu wake, kwani kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimezidisha abiria na mizigo, na watu zaidi ya 220 wakafa. Fundi wa huko akiambiwa mzigo, akili yake inakwenda kwenye uzito unaoelekea chini. Upepo hausukumi chini. Unasukuma kwa ubavu.

Nilifikiria pia "elemeo". Kitenzi kuelemea kina picha nzuri, lakini nacho kinaturudisha kwenye uzito. Ninachoandika mimi ni msukumo wa upepo. Hapa "wa" haimpotezi mtu: anayesukuma ni upepo, anayesukumwa ni dishi la antena. Pembeni yake naweka kanieneo ya upepo, yaani msukumo kwa kila mita moja ya mraba. Watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo wa hewa, na kwa kazi yao linafaa. Lakini kanieneo ni neno lililoundwa kwa ustadi mkubwa, kani juu ya eneo, na anayelitamka ameshaanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua nusu ya uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa, zidisha kwa mwendo wa upepo uliojizidisha wenyewe. Hiyo ndiyo kanieneo. Izidishe kwa eneo linaloukabili upepo, kisha kwa kizidishi cha umbo, maana bomba la mviringo huupitisha upepo kwa urahisi kuliko ubapa. Tuseme dhoruba ina mwendo wa mita 40 kwa sekunde, sawa na kilomita 144 kwa saa. Nansio iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,130, na kwenye joto la nyuzi 25 mita ya ujazo ya hewa yake ina kilo 1.03 hivi. Kanieneo inakuwa nyutoni 824 kwa mita ya mraba. Dishi la kipenyo cha mita 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.13; tukitumia kizidishi 1.3, msukumo unafika nyutoni 1,200, kama kilo 120 zilizolalia ubavu. Dishi hilo watu wawili hulinyanyua bila taabu. Likifungwa kwenye kimo cha mita 40, shina la mnara linapindwa kwa nyutonimita 48,000. Mwendo wa upepo ukipungua nusu, msukumo unabaki robo: nyutoni 300.

Hesabu za viwandani huchukua hewa sanifu ya usawa wa bahari, kilo 1.225. Kwa hewa ya Ukerewe msukumo ni pungufu kwa asilimia 16 hivi, na mhesabuji anaweza kushawishika kuutumia unafuu huo kuongeza antena. Nisingemruhusu. Ziwa halina miti wala nyumba za kuuvunja upepo, na usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye joto, mawingu ya radi hujengeka na kushusha upepo wa ghafla. Tena mnara hauhitaji kuanguka ndipo kazi iharibike. Mwale wa mawimbi ukirushwa kutoka Nansio hadi Mwanza una zaidi ya kilomita 40 za kuvuka. Dishi la mita 1.2 katika masafa ya gigahezi 7 lina mwale wenye upana wa nyuzi 2.5 tu; likisogezwa kwa nyuzi moja na robo, nusu ya nguvu ya mawimbi imepotea, na likizidi kusogea, mwenye simu anaambiwa mtandao hakuna.

Kwa hiyo katika daftari la mnara nataka safu mbili zisizochanganywa. Ya kwanza iandikwe mzigo, kwa kilo: antena, vyuma vyake, nyaya, na fundi aliyepanda. Ya pili iandikwe msukumo wa upepo, kwa nyutoni, pamoja na kimo cha kila antena. Antena mpya ikiletwa, ijazwe kote kuwili kabla kamba ya kuipandishia haijafungwa.