Chura Aliyepima Mimba

Yafaa ufahamu, msomaji, ya kuwa kipimo cha tabibu hakiishii palepale kinapofanyiwa. Fikiri habari za chura mmoja wa Afrika ya Kusini, mwenye kucha miguuni.

Mwaka 1927 mtaalamu Mwingereza, Lancelot Hogben, alikwenda kufundisha Cape Town, akaanza kumchungua chura huyo. Kutokana na kazi yake, katika miaka ya 1930 ilijulikana kuwa chura jike akidungwa sindano ya mkojo wa mwanamke mwenye mimba, hutaga mayai kabla ya siku moja kwisha. Hapo awali walitumiwa panya na sungura, nao hawakuwa na budi kuuawa na kupasuliwa ndipo jibu lionekane. Chura alibaki hai, akatumika tena. Kwa hiyo vyura hao walivuliwa kwa maelfu, wakapelekwa Ulaya na Marekani.

Baada ya 1960 vilizuka vipimo vya dawa, na vyura wakawa hawana kazi. Wengine walitoroka, wengine wakaachiliwa. Leo wazao wao wamezagaa katika vidimbwi vya California, Chile na Ufaransa, wakila viluwiluwi na samaki wadogo wa huko. Tena huweza kuchukua ngozini kuvu isiyowadhuru sana wao, lakini iwauayo vyura wa jamii nyingine.

Je, tumlaumu Hogben? La. Wanawake wengi walipata jibu upesi. Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Wewe utakayekuwa tabibu kesho, usiulize tu kama kipimo kinafaa. Uliza pia, kikiisha kazi, kitakwenda wapi?