Namna ya Kutambua Joto la Chuma Wakati wa Kufua
Springi kuukuu za magari hutumiwa sana na wahunzi kufulia mapanga, majembe na visu. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha kushika makali, lakini huharibika upesi joto likikosewa. Karakana nyingi hazina kipimajoto cha tanuri, hivyo kipimo kilichopo ni rangi.

Kinapokaribia nyuzijoto 700 za Selsiasi, chuma huwa na rangi ya damu ya mzee. Karibu na 800 wekundu hukolea, karibu na 950 huwa rangi ya chungwa, na karibu na 1,100 huwa manjano. Springi hufuliwa vyema kati ya chungwa na manjano. Ikirudi kwenye damu ya mzee, irejeshwe motoni, kwani kuigonga katika hali hiyo huleta nyufa. Ikifikia weupe na kurusha cheche, imeungua. Sehemu hiyo hukatwa na kutupwa.

Rangi hizo ni za kivulini. Juani, chuma cha rangi ya chungwa huonekana chekundu tu, na mhunzi huendelea kuvuvia moto hadi kiungue. Kwa sababu hiyo, tanuri liwekwe chini ya paa.

Wakati wa kukaza makali, sumaku ni shahidi bora kuliko jicho: chuma huacha kuvutwa kikifika takriban nyuzijoto 770. Kipashwe kidogo zaidi, kisha kizamishwe katika mafuta. Springi ikizamishwa majini huweza kupasuka.

Izingatiwe pia kuwa chuma chenye nyuzijoto 400 hakionyeshi wekundu mchana. Kishikwe kwa koleo.