Mtoto wa Mchunga Kondoo Aliyekumbuka Kwao



Kila mwaka tunapoandaa harambee, wazazi hutuuliza swali lile lile: "Mtoto kamaliza chuo cha ufundi, cheti anacho, sasa aende wapi?" Swali hilo ni la zamani. Vijana wa London walilikabili zaidi ya miaka 200 iliyopita, na tumeona inafaa tusimulie walivyolijibu kabla hatujaomba mchango wa mtu yeyote.

Tarehe 2 Januari 1818, vijana wachache walikutana katika mgahawa wa kahawa ulioitwa Kendal, mtaa wa Fleet Street. Uingereza ya wakati ule ilikuwa ikijenga mifereji, madaraja na mashine za mvuke kwa kasi, lakini kijana wa England hakuwa na chuo kikuu cha kwenda kusomea uhandisi. Aliyeitaka kazi hiyo alimfuata fundi mkubwa na kujifunza kwa kutazama. Asiyekuwa na wa kumshika mkono alibaki nje.

Aliyewakusanya ni Henry Robinson Palmer. Aliwaeleza wenzake kwamba mhandisi ni kama mkalimani: upande mmoja yuko msomi, upande wa pili yuko fundi mwenye nyundo, naye lazima aelewe lugha ya wote wawili. Hawakuwa na jengo wala mfuko. Walikubaliana tu kukutana, kila mmoja alete analolijua na kuwafundisha wenzake bure. Hivyo ndivyo ilivyoanza taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya Uingereza, ambayo ipo hadi leo.

Miaka miwili ya mwanzo chama kilisuasua, kwa kuwa wanachama walikuwa wachache na hawakuwa na majina. Ndipo walipoamua kumwendea mzee. Mwaka 1820 walimwomba Thomas Telford awe rais wao, naye akakubali. Alikuwa mhandisi mashuhuri kuliko karibu wote nchini: katika milima ya kaskazini ya Scotland alikuwa akisimamia ujenzi wa barabara za zaidi ya maili 900. Hakuwa na haja ya cheo kingine. Hata hivyo aliwapa vijana wale muda wake, vitabu vyake na jina lake. Aliwahimiza pia wanachama waliokuwa kazini mbali waandike waliyoyaona na kuyatuma, ili wengine wajifunze. Mwaka 1828 chama kilipata hati ya mfalme. Telford alibaki kuwa rais wake hadi alipofariki mwaka 1834.

Kwa nini mzee mwenye shughuli nyingi kiasi hicho alijali? Tunadhani jibu liko kwao. Telford alizaliwa mwaka 1757 katika bonde la Eskdale, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchunga kondoo, akafariki mtoto akiwa bado mchanga. Mama alimlea katika umaskini, na alipokua akaenda kujifunza uashi wa mawe. Katika mji mdogo wa Langholm, mama mmoja aliyeitwa Bibi Pasley alimfungulia kabati lake la vitabu, akamwazima. Mwashi yule alianza kusoma.

Hakusahau. Katika wosia wake aliiachia taasisi ya wahandisi pauni 2,000. Pia aliacha pauni 1,000 kwa ajili ya maktaba ya Langholm, na nyingine 1,000 kwa ajili ya maktaba ya Westerkirk, parokia aliyozaliwa, ambayo wachimba madini waliianzisha mwaka 1793. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Telford hakukataa kwao.

Na yule kijana Palmer? Mwaka 1829 alipata haki ya uvumbuzi wa bati la chuma lenye migongo. Ndugu msomaji, nyumba nyingi za kwetu zimeezekwa kwa wazo la kijana aliyeanza kwa kuwaita wenzake kunywa kahawa.

Tukirudi nyumbani, Tanzania ya leo ina vyuo, na ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Tangu mwaka 2003 bodi hiyo ina mpango wa mafunzo kazini kwa wahitimu, wa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu. Njia ipo. Tatizo la kijana wetu ni kuifikia njia yenyewe: nani amweleze aombe wapi, nani amsomee barua yake, nani ampe pa kulala mwezi wa kwanza mjini.

Wahandisi na mafundi sanifu wa chama chetu wamekuwa wakiifanya kazi hiyo kwa kujitolea, jioni na siku za Jumamosi, bila posho. Tunawashukuru. Lakini tuseme kweli: mwaka jana tulimpatia kijana mmoja nafasi ya mafunzo kwa vitendo, akaikosa kwa sababu hatukuwa na kodi ya chumba ya miezi mitatu. Alirudi nyumbani na begi lake. Jambo hilo limetuuma.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba vitu viwili. Kwanza, mchango wako kwa ajili ya nauli na kodi za vijana walioko mafunzoni, pamoja na kabati la vitabu vya ufundi katika sekondari yetu. Pili, kama wewe ni mhandisi, fundi au mstaafu, tunaomba Jumamosi yako moja kwa mwezi. Bibi Pasley hakutoa pesa, aliazima vitabu tu, na matunda yake tumeyaona.