Kabla hujanyanyua gari: springi ina historia yake

Unalijua lile tuta la mtaani kwenu. Ukilipita peke yako, salama. Ukipakia watu wanne na mizigo, unasikia "krrr" chini ya tumbo la gari. Siku hiyohiyo unampigia fundi: hili gari linyanyuliwe!

Rafiki yangu alifanya hivyo. Fundi akachomeka raba katikati ya mizunguko ya springi za mbele, kazi ya nusu saa, gari likapanda. Miezi miwili baadaye tairi za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja hadi nyuzi zinaonekana. Kosa lilianzia wapi? Ili tujibu, turudi nyuma karibu miaka 350.

Mwaka 1676, jijini London, mwanasayansi Robert Hooke alichapisha fumbo la herufi ili wazo lake lisiibiwe. Mwaka 1678 akalifumbua mwenyewe: springi hubonyea au kuvutika kwa kadiri ya nguvu inayoipata. Nguvu ikiwa mara mbili, nayo inabonyea mara mbili.

Tufanye hesabu ya gurudumu moja. Tuseme springi imebeba nyutoni 3,000, yaani uzito wa kama kilo 300, na kila milimita ya kubonyea inahitaji nyutoni 20. Itabonyea milimita 150. Weka springi yenye urefu uleule lakini ngumu zaidi, ya nyutoni 25 kwa milimita, itabonyea milimita 120 tu. Gari limepanda sentimita 3. Njia nyingine ni kuweka springi ndefu zaidi, au kipande cha kuinulia juu ya ile ya zamani. Kwenye karatasi, kazi imeisha. Kwenye gari bado.

Mwaka 1804 Obadiah Elliott, mtengenezaji wa magari ya farasi wa London, alipata hataza ya springi za mabamba. Jamaa zake unawaona mpaka leo chini ya malori: mabamba ya chuma yaliyopinda, yamelaliana. Kwenye lori springi hizo hufanya kazi tatu kwa pamoja. Zinabeba mzigo, zinashikilia ekseli isihame, na msuguano kati ya mabamba unapunguza mdundo.

Sasa njoo mwaka 1934. Baadhi ya magari ya General Motors, Cadillac yakiwemo, yalitoka na springi za mviringo mbele, kila gurudumu likicheza peke yake. Safari ikawa laini, lakini springi ya mviringo inajua kazi moja tu: kubeba. Kushikilia gurudumu kukaachiwa mikono ya chuma, na kutuliza mdundo kukaachiwa shokapu.

Kisha mhandisi Earle MacPherson akaviunganisha vitu hivyo kwa namna mpya. Springi inaizunguka shokapu, na shokapu yenyewe inakuwa nguzo ambayo gurudumu linageukia unapokata kona. Ford Consul na Zephyr za Uingereza zilionyeshwa na muundo huo mwaka 1950. Mwaka 1955 Zephyr ilishinda mbio za Safari, zilizoanza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo muundo huu si dhaifu kwa barabara zetu, na gari dogo unaloendesha leo huenda linao mbele.

Hapo ndipo rafiki yangu alipoponzwa. Ukiinua mwili wa gari, ile mikono inabaki imeinamia chini, na pembe za magurudumu zinabadilika. Bila kufanya alaimenti upya, tairi inaburuzwa badala ya kubingirika. Shafti zinazozungusha magurudumu nazo zinafanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, na paipu za breki zinavutika gurudumu linapodumbukia shimoni. Springi ikiwa ngumu na shokapu ni ileile, gari linaendelea kudunda baada ya tuta. Raba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inazuia mzunguko mmoja usicheze, ile mingine inabebeshwa kazi yake.

Kuna na hatari ya kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika kuyapa magari nyota za hatari hiyo tangu modeli za 2001, hugawa upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 0.55 vinatoa 1.36. Nyanyua sentimita 5, inabaki 1.25. Hapo hujapakia magunia juu ya keria.

Je, usinyanyue kabisa? Nyanyua, ila kidogo, sentimita 2 au 3. Tafuta springi zilizotengenezwa kwa modeli yako, pande zote mbili kwa pamoja, na shokapu zinazoendana nazo. Mwambie fundi akague paipu za breki magurudumu yakiwa yananing'inia. Halafu alaimenti, siku hiyohiyo, kabla ya safari. Kama gari lilikuwa juu zamani na sasa limeshuka, huenda springi zimechoka tu: mpya za kimo cha kawaida zinatosha.

Rafiki yangu alizitoa zile raba. Lile tuta sasa analipita mshazari, taratibu, na abiria wawili wanashuka kwanza.