Mchuzi wa Ugali, Mchuzi wa Spageti

Mautuma iko Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, katika mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wakulima wadogo miaka ya 1960. Mahindi na ng'ombe wa maziwa ndio uhai wa pale. Siku hizi spageti nayo imefika madukani, na familia ikitaka kubadilisha mlo huichemsha na kuimwagia mchuzi wa nyama. Mchuzi wenyewe huwa mtamu. Kasoro yake ni kwamba ulipikwa kwa ajili ya ugali.

Tonge la ugali hubonyezwa kwa kidole gumba, likachovywa, kwa hiyo linadai majimaji, na mpishi wa Kiluhya huyaongeza bila kufikiri. Spageti haichovyi kitu. Mchuzi mwepesi huteleza hadi chini ya sahani, tambi zikabaki nyeupe juu.

Watu wa Bologna, Italia, walilitatua jambo hili kwa kuyafukuza maji. Pellegrino Artusi, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1891, alieleza makaroni ya Kibologna kwa nyama ya ndama, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, siagi, kitunguu, karoti na seleri. Nyanya hamna! Tarehe 17 Oktoba 1982 Accademia Italiana della Cucina iliweka kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna mapishi rasmi ya ragù, yaani mchuzi wao wa nyama: gramu 300 za nyama ya ng'ombe, gramu 150 za pancetta, nusu glasi ya divai, glasi nzima ya maziwa, na sosi ya nyanya vijiko vitano tu. Sisi tunaorundika nyanya nusu sufuria tukidhani ndio Uitaliano wenyewe, tuna la kujiuliza.

Kwenye maziwa, Mautuma iko nyumbani. Tsisaga, mboga yetu chungu ya majani, hutiwa maziwa, ikalazwa, ikapashwa tena kesho yake hadi uchungu uishe. Ragù hutiwa maziwa ili ukali wa divai na nyanya upoe. Tofauti iko kwenye musherekha, magadi yetu ya majivu, yanayolainisha majani magumu kama likhubi, yaani majani ya kunde. Bologna hutegemea uchachu, Kakamega hutegemea magadi, na viwili hivyo haviivi chungu kimoja.

Napoli wana njia yao: vipande vizima vya nyama hukaa kwenye nyanya kwa saa nyingi, mchuzi ukaenda kwenye tambi na nyama ikaliwa baadaye. Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko jirani. Waitalia walitawala kusini mwa Somalia hadi 1941, wakarudi kama wadhamini wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960. Wasomali wakabaki na baasto, yaani tambi, wakaacha divai na nguruwe, wakatia xawaash, mchanganyiko wa viungo wenye bizari nyembamba, iliki na dalasini, na ndizi mbivu pembeni. Hawakuiga, walichukua. Hata kaskazini mwa Italia kwenyewe ragù humwagwa juu ya polenta, ambayo hupikwa kwa unga wa mahindi, binamu wa ugali wetu.

Siri ya mchuzi wa spageti iko mwanzoni. Nyama ya kusaga ikiingia sufuriani hutoa maji, hugeuka kijivu na kutokota ndani ya maji yake. Hapo ndipo wengi hutupia nyanya na unga wa viungo wa paketi. Subiri. Maji yakikauka mlio hubadilika, mafuta huanza kuchachatika, na chini ya sufuria hushika rangi ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo ladha, na hakuna paketi inayoileta. Kitunguu na karoti viwe vimeshalainika kwa samli kabla ya nyama. Baada ya hapo tia nyanya kidogo, kisha maziwa kidogo kidogo, punguza kuni, funika nusu, uache kwa saa mbili hadi mafuta yajitenge. Changanya spageti humo humo sufuriani, usimwage mchuzi juu yake. Na kama huna saa mbili, songa ugali.