Hala, Amca na Dayı: Majina ya Ukoo katika Kituruki

Mtu ajuaye Kiarabu, asomapo Kituruki, aweza kupotea katika nyumba ya watu. Hukutana na neno hala, akalidhania kuwa mama mdogo, kwani ndiyo maana ya khala kwa Waarabu. Kumbe kwa Waturuki hala ni shangazi. Neno limevuka kutoka upande wa mama hata upande wa baba, na mfasiri asiyelitambua jambo hili huwapa watu ukoo usio wao. Nadhani si ajabu: kiti cha dada wa mama kilikuwa kimekwisha kaliwa na teyze, neno la Kituruki chenyewe. Jirani zao wa Azerbaijan, ambao lugha yao ni ndugu, wameiacha maana ya Kiarabu mahali pake; shangazi wao humwita bibi.

Ndugu wa baba ni amca (c husomwa kama j yetu), na shina lake ni lile lile tulilolipokea nasi tukasema ami.

Mjomba ni dayı, ambalo Mahmud al-Kashgari aliliandika tagay katika kamusi yake ya karne ya 11. Neno hili lina historia pana. Wakuu wa Algiers, tangu 1671 hata Wafaransa walipoutwaa mji mwaka 1830, walikuwa na cheo cha dayı, ambacho Wazungu walikiandika dey. Hata leo, asemwaye Uturuki kuwa ana mjomba huenda hana wa damu, bali ana mkubwa ofisini wa kumshika mkono.