Sokwe au kobra wa maji: Nani anavuta wageni zaidi Kigoma?

Mtalii akishuka Kigoma, mara nyingi jibu lake ni moja: amefuata sokwe. Gombe inajulikana duniani tangu Jane Goodall aanze utafiti wake hapo Julai 1960, na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mahale, kusini zaidi, ilifuata mwaka 1985.

Lakini ufukweni kuna kiumbe ambaye wageni wengi hawamuulizii kabisa: kobra wa maji wa Ziwa Tanganyika.

Ni nyoka gani huyu?

Ana rangi ya kahawia na pete nyeusi shingoni, na anaweza kuzidi mita 2. Anaishi kwenye mawe ya ufukweni, anapiga mbizi na kula samaki. Ana sumu kali inayoshambulia mishipa ya fahamu, ila kwa kawaida akimwona mtu hukimbia.

Kwa nini mamalia wanashinda?

Sababu kubwa ni mwendo. Sokwe anabeba mtoto, anagombana, anachekesha. Hata kwenye akwariamu, yaani nyumba za maonyesho ya viumbe wa majini, ni hivyo hivyo: fisi maji akizama na kuibuka, watoto hawabanduki kwenye kioo. Nyoka anaweza kulala chini ya jiwe siku nzima. Mgeni anachungulia, anasema "mbona hamna kitu?", anapita zake.

Je, reptilia hawana soko?

Wanalo. Meserani, karibu kilomita 25 kutoka Arusha, kuna bustani ya nyoka inayopokea watalii wanaoelekea mbugani. Nairobi kuna bustani ya nyoka kwenye makumbusho ya taifa tangu 1961. Hapo jirani Bujumbura, mamba na nyoka ni kivutio kwenye Musée Vivant, iliyoanzishwa 1977.

Kinachosaidia ni mhudumu anayeeleza. Nyoka aliyelala hana habari, lakini mtu akikuambia huyu anawinda samaki chini ya maji, unasogea karibu. Tangi nalo liwe na maji ya kutosha ili aogelee, siyo sanduku la mchanga tu.

Inahusu nini Kigoma?

Sokwe hawawezi kubeba utalii wote. Wanaambukizwa mafua yetu kirahisi, ndiyo maana Mahale kundi halizidi wageni 6, wanakaa nao saa moja tu, na wanavaa barakoa. Ukiongeza watu, unahatarisha sokwe wenyewe. Nyoka nyuma ya kioo anaweza kuonwa na darasa zima la wanafunzi bila madhara hayo.

Halafu kuna la muhimu zaidi. Mtalii anaondoka, ila mvuvi na mtoto anayeoga ziwani wanabaki na kobra huyu. Wakimfahamu, hawatamshika akinaswa kwenye wavu, wala hawatamuua kila wakimwona.

Ukiumwa na nyoka

Usichanje wala kunyonya jeraha, na usifunge kamba ya kubana. Vua pete au bangili, tuliza kiungo kilichoumwa kisisogezwe, wahi hospitali. Sumu ya aina hii inaweza kuzuia kupumua, kwa hiyo usisubiri uvimbe uonekane kwanza.